Muzee au Mutoto ya Nyumba? Uhakiki wa Mjadala wa Mashabiki wa Mazembe Mtaani Bel-Air

Wahakiki wa fasihi simulizi ya Kiswahili wamezoea kutafuta kazi yao palipo na ngoma, harusi, hadithi za jioni au tungo za malenga. Mabishano ya mashabiki wa kandanda hayamo katika orodha hiyo, pengine kwa sababu hayana mtunzi anayeweza kutajwa wala mwisho unaoweza kuandikwa. Hata hivyo, asikilizaye kwa makini namna wakazi wa Bel-Air, mtaa ulio katika komini ya Kampemba mjini Lubumbashi, wanavyobishana juu ya timu yao, hana budi kukiri kwamba pana fani hapo. Pana fanani, na pana hadhira inayomdai fanani aseme vizuri au aketi. Pana zamu za kusema. Pana pia maneno ambayo hayatumiwi ovyo, kwa maana kila moja lina historia yake mjini, na mwenye kulitamka huitamka historia hiyo pamoja nalo.

Makala haya yanashughulikia mjadala mmoja tu katika mingi ya aina hiyo, nao ni ule uliohusu kumsajili upya Trésor Mputu Mabi katika timu ya Tout Puissant Mazembe. Swali lenyewe, likitazamwa juu juu, ni jepesi: je, yafaa timu kumrudisha mchezaji iliyempenda, ambaye sasa umri umempita? Viwanja vyote vya dunia vinalijua swali hili. Mjini Lubumbashi, lakini, jibu lake halikutafutwa kwenye miguu ya mchezaji. Lilitafutwa kwenye maana ya nyumba.

Kwanza ni vyema kueleza habari zenyewe. Mputu alizaliwa Kinshasa tarehe 10 Desemba 1985, akajiunga na Mazembe mwaka 2002 akiwa bado kijana mdogo. Mwaka 2009 ndio uliokuwa mwaka wake. Mwezi Machi alikuwa mchezaji bora wa mashindano ya kwanza ya mataifa ya Afrika kwa wachezaji wa ligi za ndani, yaliyofanyika Ivory Coast, ambamo Kongo ilitwaa kombe kwa kuifunga Ghana mabao 2 kwa 0. Mwezi Novemba alikuwa nahodha wa Mazembe iliyochukua Ligi ya Mabingwa wa Afrika mbele ya Heartland ya Nigeria, kwa hesabu ya bao la ugenini, baada ya kufungwa 2 kwa 1 mjini Owerri na kushinda 1 kwa 0 mjini Lubumbashi. Uzito wa ushindi huo haueleweki pasipo kukumbuka kwamba Mazembe, ikiitwa wakati huo Englebert, ilikuwa bingwa wa Afrika mwaka 1967 na tena 1968, na kwamba toka hapo ilikaa miaka 41 bila kulishika tena kombe hilo. Baba aliyeliona la 1968 akiwa mtoto alikuwa na wajukuu alipoliona la 2009. Kwa mwaka huohuo Mputu alitangazwa mchezaji bora wa Afrika miongoni mwa wale wanaocheza barani humu.

Mwanzoni mwa 2014 aliondoka kwenda Kabuscorp ya Luanda. Kwa mchezaji ambaye mji mzima ulimtazamia Ulaya, Angola ilikuwa safari fupi. Kufikia mwaka 2018 alikuwa amevaa tena jezi nyeupe na nyeusi na kucheza katika Ligi ya Mabingwa, akiwa na umri wa miaka 32. Kati ya kuondoka huko na kurudi huko ndipo mjadala unaohakikiwa hapa ulipopata nafasi, nao haukwisha aliporudi, kwa kuwa kila mechi aliyocheza vibaya iliufufua.

Upande uliokataa arejee ulikuwa na hoja yenye nguvu, na haki inadai isemwe waziwazi, maana mara nyingi wapenzi wa mchezaji huisikia nusu. Hoja yenyewe ni ya hesabu. Mazembe ya karne hii imekuwa bingwa wa Afrika mara tatu: 2009, 2010 na 2015. Katika fainali ya 2010, ambapo Espérance ya Tunis ilifungwa mabao 5 kwa 0 mjini Lubumbashi, Mputu hakuwapo. Hakuwapo pia tarehe 14 Desemba 2010 kule Abu Dhabi, siku ambayo Mazembe iliifunga Internacional ya Brazil mabao 2 kwa 0 na kuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya kombe la dunia la vilabu. Mwaka 2015, kombe lilipopatikana mbele ya USM Alger, yeye alikuwa Angola, na mfungaji aliyeimbwa mjini alikuwa Mbwana Samatta wa Tanzania. Kwa hiyo, wakasema wapinzani, timu imekwisha kuthibitisha mara mbili kwamba inaweza kushinda bila yeye. Wakiongeza umri juu ya hayo, hesabu inafungwa.

Ni hoja safi, na mantiki yake haina ufa. Cha kushangaza ni kwamba haikushinda. Wala haikushindwa kwa hesabu nyingine. Watetezi wa Mputu hawakujitaabisha kuonyesha kwamba bado anakimbia, au kwamba mabao yake yangerudi pamoja naye. Walichofanya ni kulibadilisha swali. Badala ya kujibu atafanya nini, waliuliza ni wa nani. Na swali likishabadilika hivyo katika baraza la Lubumbashi, mwenye hesabu hubaki na hesabu yake mkononi kama mtu aliyekuja sokoni na fedha ya nchi nyingine.

Kubadilishwa huku kwa swali ni kazi ya lugha, na hapa ndipo mhakiki anapopata la kusema. Neno la msingi ni mutoto ya nyumba. Mzungumzaji wa Kiswahili sanifu atayaona kwanza makosa mawili: kiambishi mu- kilichobaki kamili, na ya mahali pa wa. Yote mawili ni kanuni za kawaida za Kiswahili cha Lubumbashi, na mwenye kuyasahihisha atapoteza muda wake. Jambo la kuzingatiwa ni maana. Mtoto wa nyumba, katika mazoea ya pwani, ni yule aliyezaliwa humo. Mputu hakuzaliwa Lubumbashi. Ni mtu wa Kinshasa, mji wa Kilingala. Tena Katanga si nchi ambayo swali la mwenyeji na mgeni ni mchezo: mwaka 1992 na 1993 watu kwa maelfu mengi wa asili ya Kasai walifukuzwa katika mkoa huo, ukiitwa bado Shaba, wengi wao wakiwa wamezaliwa humohumo. Mashabiki wanaomwita mtu wa Kinshasa mutoto ya nyumba wanasema jambo zito kuliko wanavyodhani wasikilizaji wa nje. Wanasema kwamba nyumba hii haiulizi damu. Inauliza kazi.

Fikra hiyo haikuzaliwa uwanjani. Kabla ya kuwa fikra ya kandanda ilikuwa fikra ya kambi za Union Minière. Kampuni hiyo ya shaba iliwakusanya wafanyakazi wa makabila mengi, ikawapa nyumba, posho, shule na hospitali, ikawafundisha kuiona kuwa baba na mama. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu ameuchambua ubaba huo katika kitabu chake cha mwaka 2001, ambacho jina lake linawataja bana Shaba walioachwa na baba yao. Hao bana hawakuwa wana wa ukoo mmoja, bali wana wa kazi moja. Kampuni ilipogeuzwa Gécamines ubaba ulirithiwa pamoja na mitambo, na ilipoanguka, watoto walibaki. Kati ya 2003 na 2004 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliondolewa kazini kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, kila mmoja akapewa fungu lake la fedha, na habari ikaisha. Ni vigumu kukuta baraza la wanaume wa makamo mjini humo lisilo na mtu ambaye baba yake, mjomba wake au yeye mwenyewe hakuguswa na jambo hilo.

Kwa sababu hiyo neno la pili la mjadala, muzee, linabeba maana mbili zinazogombana. Katika maamkizi ni heshima: muzee hupishwa kiti. Katika kandanda ni hukumu: muzee hapewi namba. Wapinzani wa kurudi kwa Mputu walilitumia kwa maana ya pili, wakidhani wamefunga mlango. Watetezi wakalipokea lilelile, wakaligeuza kwa maana ya kwanza, na mlango ukawa wazi. Je, muzee aliyeijenga nyumba hufukuzwa humo? Msemaji hahitaji kuitaja Gécamines. Kila aliyesimama pale amekwisha kuisikia. Huu ni ufundi wa hali ya juu wa kutumia neno moja dhidi ya aliyelileta, na wapo washairi wa vitabuni ambao wangefurahi kuuweza.

Neno la tatu ni dogo zaidi. Katika Kiswahili cha Lubumbashi mbele hutumika sana kwa maana ya kabla, au kwanza, au zamani zile. Msemaji wa Dar es Salaam akisikia kwamba Mputu alikuwa mkubwa mbele, atangoja kuambiwa mbele ya nani. Matumizi hayo si ya mashabiki peke yao, na lingekuwa kosa kuyapa falsafa yasiyokuwa nayo. Itoshe kutambua kwamba katika mjadala ambao upande mmoja unadai timu itazame mbele, yaani wakati ujao, na upande wa pili unalitumia neno hilohilo kwa wakati uliopita, kutoelewana kunapata makao mazuri ndani ya lugha yenyewe.

Kuhusu Kifaransa, ambacho wageni hukiona kama uchafu uliomwagika juu ya Kiswahili cha mji huo, yafaa kurejea utafiti wa Vincent de Rooij wa mwaka 1996. Alionyesha kwamba maneno kama mais, donc na puisque hayaingii katika mazungumzo ya Kiswahili cha Shaba kwa bahati mbaya. Yanafanya kazi ya bawaba: yanamwonyesha msikilizaji mahali hoja inapopinda. Mabishano ya Bel-Air yanathibitisha hilo kila jioni. Donc ni ya mwenye hesabu, aliyekwisha kujumlisha makombe na miaka. Mais ni ya mtetezi. Baada ya mais Kiswahili hurudi kwa nguvu, na hurudi na jamaa zake wote: baba, mama, bana, nyumba.

Ikumbukwe pia kwamba Bel-Air, kama mitaa mingine ya Lubumbashi, si mali ya Mazembe peke yake. Timu ya Saint-Éloi Lupopo, ya watu wa reli, iliyoanzishwa mwaka uleule wa 1939, ina watu wake katika nyumba zilezile, pengine kitandani kimoja. Katika mjadala wa ndani wa Mazembe, shabiki wa Lupopo hana kura, ila ana nafasi ya mcheshi. Humwunga mkono anayetaka wazee wote warudishwe, na ikiwezekana wale wa 1968 pia. Kicheko chake kina manufaa: huwalazimisha watetezi kusema wazi kwamba hawadai timu ya makumbusho. Wakati mwingine huyo mcheshi ndiye mhakiki bora kuliko wote waliopo.

Mfano wa Robert Kidiaba hutajwa mara kwa mara, na hutajwa vibaya. Mlinda mlango huyo, aliyezaliwa mwaka 1976 na kujulikana duniani kwa kuruka kwa makalio akishangilia mwaka 2010, alilinda lango la Kongo iliyoshika nafasi ya tatu katika Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 2015, akiwa na miaka 39. Watetezi wa Mputu humleta kama ushahidi kwamba umri si kitu. Ushahidi huo ni dhaifu. Mlinda mlango na mshambuliaji hawazeeki kwa saa moja, na zaidi ya hayo Kidiaba hakuwa ameondoka akarudi. Alizeeka mbele ya macho ya watu, mwaka baada ya mwaka, nao wakazeeka naye bila kutambua. Arudiye ndiye anayeonekana amezeeka. Mjadala ungekuwa na hoja bora kama ungeligusa hilo, lakini haukuligusa.

Kwa kulinganisha, msomaji wa Tanzania atamkumbuka Emmanuel Okwi, Mganda aliyerudi Simba mwaka 2017 baada ya kupita Tunisia, Denmark na hata Yanga. Mashabiki wa Simba nao walisema amerudi nyumbani, naye akawalipa kwa mabao 20 na kuwa mfungaji bora wa ligi ya msimu wa 2017/18. Lakini Okwi alikuwa bado kijana wa miaka 24, na lililobishaniwa juu yake lilikuwa uaminifu: aliyevaa jezi ya jirani asamehewe? Nyumbani, katika Kiswahili cha mashabiki wa Dar es Salaam, ni mahali pa kurejea mtu aliyepotoka. Katika Kiswahili cha Lubumbashi ni mahali penye deni, na mdaiwa ni nyumba.

Kuna jambo jingine ambalo lilisikika katika mjadala pasipo kutamkwa. Moïse Katumbi, rais wa Mazembe tangu mwaka 1997 na gavana wa Katanga kati ya 2007 na 2015, aliondoka nchini mwezi Mei 2016 na hakurudi hadi Mei 2019. Mwezi Agosti 2018 alizuiwa kuingia kwenye mpaka wa Kasumbalesa. Kwa miaka mitatu, basi, katika mji ambao timu yake ni nusu ya mazungumzo yote, kitenzi kurudi hakikuweza kutumiwa kama kitenzi cha kawaida. Kusema kwamba fulani arudi, kwamba nyumba ni yake, kwamba hakuna haki ya kumfungia mlango, ni kusema maneno ambayo kwa mtu mwingine yangeleta matatizo. Si lazima kudai kwamba kila aliyemtetea Mputu alimkusudia Katumbi. Fumbo halihitaji kukusudiwa na kila mtu ili lifanye kazi. Mwenye kukataa mchezaji asirudi alijikuta, katika baraza la aina hiyo, akiwa na sauti isiyopendeza masikioni hata kama mantiki yake ilikuwa kamili, na huenda hiyo ni sababu mojawapo ya hesabu kutoshinda.

Pamoja na sifa zote hizi, mjadala una doa ambalo mhakiki hapaswi kulifunika. Pande zote mbili zilitaja mara nyingi kwamba Mputu hakuwapo katika fainali ya 2010. Hazikupenda kutaja kwa nini. Mwezi Mei mwaka huo, mjini Kigali, katika mashindano ya vilabu vya Afrika Mashariki na Kati ambamo Mazembe ilialikwa, mechi dhidi ya APR iliishia katika vurugu dhidi ya mwamuzi. FIFA ilimfungia Mputu mwaka mzima, na mwenzake Guy Lusadisu miezi 11. Kwa watetezi, kuitaja Kigali ni kukiri kwamba mutoto ya nyumba aliiaibisha nyumba. Kwa wapinzani, ni kuiharibu hesabu yao, kwa kuwa kutokuwapo kwake 2010 hakukuwa kwa sababu ya kutohitajiwa: alikuwa na miaka 24 na alikuwa katika kilele chake. Ukimya uliowafaa wote ukawa kanuni ya mchezo. Mjadala unaodai kupima deni la nyumba kwa mtu umelifunga kabatini daftari ambamo deni la pande zote mbili limeandikwa, na hapo ndipo unapopungukiwa kama kazi ya fikra, hata ukibaki hodari kama kazi ya maneno.

Matokeo ya uwanjani hayakumaliza ubishi. Katika msimu wa 2018/19 Mazembe, Mputu akiwamo kikosini, ilifika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa, ikatolewa na Espérance kwa bao 1 kwa 0 katika mechi mbili. Waliomtaka walihesabu nusu fainali. Wasiomtaka walihesabu bao lile moja ambalo halikupatikana Lubumbashi.

Na katika yote hayo, mchezaji mwenyewe alizungumziwa siku zote kwa nafsi ya tatu. Eko muzee, eko mutoto ya nyumba, ataweza, hataweza. Hakuna upande ulioiweka katika hoja zake nafsi ya kwanza ya mtu huyo: kama alitaka kurudi kwa ajili ya deni, kwa ajili ya mshahara, au kwa kuwa Luanda ilikuwa imemchosha. Hata wastaafu wa Gécamines, katika simulizi zilizokusanywa mjini humo, wamesikika wakijisemea wenyewe.